Nia, Karatasi na Ukingo wa Mto



Ndugu wasomaji, swali la makala hii lilizaliwa kwenye baraza ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa, wakati kila mmoja anatafuta viatu vyake. Rafiki yangu, ambaye tulijiandikisha naye siku moja katika klabu ya vijana ya hapa Bujumbura, aliniambia kwamba ameacha. Nikadhani mitihani imembana. Akasema hapana.

"Nimejichunguza, nikaona ninakwenda kule kwa ajili ya karatasi. Na amali isiyokuwa ya Allah ni hasara tupu. Bora nilale nyumbani."

Nilitaka kucheka, lakini nikanyamaza, kwa sababu mimi pia nilikuwa nakwenda kwa ajili ya karatasi.

Wengi wenu mnaijua karatasi hiyo. Ni cheti cha kujitolea chenye mhuri, pamoja na barua inayosema kwamba fulani ni kijana mwadilifu na mchapakazi. Mtu akimaliza chuo na kuanza kuomba kazi au nafasi ya kwenda kusoma mbele, anaulizwa: umewahi kufanya nini nje ya darasa? Asiyekuwa na karatasi hana jibu. Kwetu sisi, ambao tuna kaka waliomaliza miaka iliyopita na bado wamekaa nyumbani, hilo si jambo dogo.

Klabu yenyewe haina makuu. Tunakutana Jumamosi. Tunakuza miche ya mianzi kwenye viriba, tunaipanda kandokando ya mto Ntahangwa, tunazibua mitaro, na mchana baadhi yetu tunawafundisha hesabu watoto wa shule ya msingi. Mkaazi wa Buyenzi, Nyakabiga au Mutanga hahitaji kuelezwa kwa nini mianzi. Ntahangwa inateremka kutoka milima ya Mumirwa kwa kasi, inakatiza mji hadi ziwa Tanganyika, na kila msimu wa mvua inakula kingo zake. Nyumba iliyokuwa mbali na mto inajikuta jirani yake, kisha inajikuta ndani yake. Tumeona pia maji yanavyoweza kufanya pale yanapokosa njia: mvua ya usiku mmoja wa Februari 2014 iliua watu zaidi ya 60 katika mitaa ya kaskazini ya mji wetu na kuwaacha maelfu bila makaazi. Mizizi ya mianzi inashika udongo. Peke yake haitoshi, yanatakiwa pia mawe kwenye vikapu vya waya kule chini na mitaro ya kukinga maji kule milimani, lakini ni kitu ambacho vijana thelathini wenye majembe wanaweza kukifanya.

Basi swali ni hili: je, mtu aache kazi ya kheri kwa kuwa nia yake haijatakasika? Na akiendelea, anapata nini mbele ya Mola wake?

Kwanza nimpe rafiki yangu haki yake, kwa sababu hoja yake si ya mvivu. Imamu Bukhari alipopanga Sahihi yake, hadithi aliyoitanguliza ni ile ya nia, aliyoipokea Sayyidna Umar (r.a.). Na katika Sahihi ya Muslim mnaijua hadithi ya watu watatu wa mwanzo kuhukumiwa: mpiganaji, msomi na mtoaji mali. Wote watatu walifanya mambo makubwa, na wote waliangamia, kwa kuwa walitaka watu waseme, na watu wakasema. Malipo yao walikwisha kuyapokea duniani. Anayeisoma hadithi ile bila kutetemeka hajaielewa. Mtoaji yule, bila shaka, kuna masikini alikula chakula chake. Tumbo la masikini lilijaa, na hata hivyo mtoaji hakuokoka.

Kwa hiyo anayesema "nia si muhimu, muhimu ni kazi ifanyike" amesema jambo ambalo Muislamu hawezi kulikubali.

Lakini sasa nimpe haki yake na mzee mmoja. Nyumba yake ipo upande wetu wa mto. Mara ya kwanza tulipofika, kutoka ukuta wake wa nyuma hadi kwenye mporomoko zilikuwa hatua kumi na moja, nilizihesabu mwenyewe. Choo chake kilikwisha kwenda na maji. Mzee huyu hawezi kuuona moyo wangu, na wala hajauliza kuna nini ndani yake. Anachokiona ni kwamba wiki iliyopita walikuja vijana sita na leo wamekuja watano. Rafiki yangu alipokaa nyumbani ili aiokoe nafsi yake, aliyebeba gharama si yeye peke yake.

Hapa ndipo ninapoona tatizo la hoja yake. Inamfanya mtu ajitazame yeye tu. Anakaa na moyo wake kama mtu aliyekaa na kioo, anautazama asubuhi na jioni, na nyuma yake ukuta wa jirani unaanguka. Haki ya jirani tumefundishwa tangu madrasa, na haikuwekewa sharti kwamba kwanza uwe walii.

Nadhani ugomvi huu wa nia na matokeo unaanza kutulia tukitenganisha mambo mawili ambayo rafiki yangu aliyachanganya, nami niliyachanganya: kutaka faida na kutaka kuonekana.

Kutaka faida ya halali si riya. Katika Suratul Baqara, mahujaji wameruhusiwa kutafuta fadhila za Mola wao, na wafasiri wameeleza kwamba ni biashara katika msimu wa Hija. Ikiwa mtu anaweza kwenda Makka na bidhaa yake na Hija yake ikabaki kuwa Hija, kwa nini kijana asiende Ntahangwa akiwa na haja ya barua? Imamu Ghazali katika Ihya ana kitabu kizima juu ya nia na ikhlasi, na humo anakiri kwamba nia za wanadamu mara nyingi zimechanganyika. Hakusema kila kilichochanganyika kitupwe. Alitazama uzito: msukumo upi una nguvu zaidi, wa dini au wa nafsi? Huo ni mtazamo wa mtu anayewajua watu.

Basi kipimo ni kipi? Mimi nimekipata kimoja, na sikukipata kitabuni. Klabu yetu ina daftari la mahudhurio. Ukihudhuria Jumamosi ishirini, unapewa cheti. Daftari hilo hufungwa chuo kikifunga, na hapo ndipo kiangazi kinapokuwa kikali. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua hakuna, na mche wa mwanzi uliopandwa karibuni usipomwagiwa maji unakauka. Kila mtu yupo siku ya kupanda. Siku ya kupanda kuna wageni, kuna picha, kuna maji ya chupa. Siku ya kumwagilia kuna wewe, ndoo na jua.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwapo siku ya kupanda, kisha nikaenda likizo. Niliporudi, miche mingi ya upande niliokuwa nimeupanda ilikuwa vijiti. Cheti nilikipata. Hakuna aliyenilaumu, na jina langu lilikuwa limetiwa alama kote. Hapo ndipo nilipojua nia yangu ilikuwa na ukubwa gani. Sikuijua kwa kukaa chumbani na kuichungulia. Niliijua kwa kuiona miche.

Kwa hiyo ndugu yangu unayeogopa riya, sikushauri uache. Fudhayl bin Iyadh, mcha Mungu mkubwa wa zama za Tabiina wa Tabiina, alitahadharisha kwamba hata kuacha amali kwa sababu ya watu ni riya. Ajabu ya maneno haya ni kwamba yanafunga mlango wa kutorokea. Anayefanya ili aonekane anawatazama watu, na anayeacha ili asionekane bado anawatazama wao. Njia iliyobaki ni kuendelea na kazi huku ukiirekebisha nia, kama mtu anayetembea huku akinyoosha kanzu yake.

Mtu atauliza: je, nia inaweza kurekebishwa njiani? Tazameni swala. Mtoto anaamrishwa kuswali akiwa na miaka saba. Mwenye miaka saba anaswali kwa ajili ya nani? Wengi wetu, tukisema kweli, tuliswali kwa ajili ya baba, au kwa kuogopa fimbo ya mwalimu wa madrasa. Hakuna mzazi aliyesema mtoto aachwe mpaka ikhlasi yake itimie. Aliwekwa safuni, mwili ukajifunza, na siku moja, pengine usiku akiwa peke yake, akaswali kwa mara ya kwanza kwa sababu alimtaka Mola wake. Amali ilitangulia, nia ikafuata.

Naikubali pia hatari iliyopo hapa, nisije nikawadanganya. Mazoea yanaweza kumfundisha mtu ikhlasi, na yanaweza kumfundisha kupenda kusifiwa. Nimemwona kijana aliyeanza na nia nzuri kuliko yangu, na sasa hagusi jembe mpaka simu iwe imeelekezwa kwake. Mbaya zaidi ni picha za wale tunaowasaidia. Siku moja tulipeleka sabuni na unga kwa mama mmoja mjane ambaye maji yaliingia kwake. Kabla hajapewa, aliombwa ashike mfuko na atazame mbele. Alitazama mbele. Sijausahau uso wake. Kur'ani imetukataza kuzibatilisha sadaka zetu kwa masimango na maudhi, na mimi nashindwa kuona tofauti kubwa kati ya kumsimanga mtu kwa mdomo na kumsimamisha mbele ya kamera na umasikini wake. Unga aliupata, ndiyo. Lakini alilipa, na alilipa kwa kitu kilichokuwa ghali kuliko unga.

Ona basi kwamba hata anayesema "tutazame matokeo tu" hakuyatazama yote. Heshima ya anayesaidiwa nayo ni tokeo. Nia mbaya haibaki moyoni, inatoka nje na kumgusa mtu. Pengine hii ni moja ya hekima za dini kuishughulikia nia kwa ukali: haimdhuru mwenye nayo peke yake.

Kuna swali la pili ambalo nimeulizwa na ndugu wa chama chetu: kwa nini klabu ya mtaa, yenye kila dini, wakati tunazo madrasa zinazohitaji walimu na yatima wanaohitaji msaada? Kazi hizo zipo na zisiachwe. Lakini kabla ya utume, Mtume wetu (s.a.w.) akiwa kijana wa umri kama wetu, alihudhuria mapatano yaliyofanyika nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, yanayoitwa Hilful Fudhul. Mfanyabiashara mgeni kutoka Zabid ya Yemen alikuwa amedhulumiwa mali yake Makka na mtu mwenye nguvu, na baadhi ya koo za Kikureshi zikaapa kusimama pamoja na kila aliyedhulumiwa mpaka apate haki yake. Walioapa hawakuwa Waislamu. Miaka mingi baadaye, baada ya kupewa utume, Mtume (s.a.w.) aliyasifu mapatano yale na akabainisha kwamba lau angeitwa tena kwa jambo kama lile angeitika. Sikuona katika kisa hiki kwamba aliuliza kwanza ni nani aliyeitisha mkutano. Aliangalia jambo lililoitishiwa.

Na sisi wa Buyenzi tuna sababu yetu. Wazee wetu wanatuhadithia kwamba katika miaka ya vita, mji ulipogawanyika mtaa kwa mtaa kwa misingi ya kabila, mtaa wetu ulibaki watu wamechanganyika. Jambo lile halikuzuka siku ya hatari. Lilijengwa miaka mingi kabla, kwenye kahawa, kwenye mazishi, kwenye kuazimana sufuria. Anayetaka jirani asimame naye siku ngumu, amjue siku nyepesi. Jumamosi ya kuzibua mtaro ni siku nyepesi.

Yapo ya kuangalia, sikatai. Dada zetu wana haki ya kufanya kazi mahali penye staha na heshima. Adhuhuri ina wakati wake. Tuliyasema haya wazi siku ya kwanza, bila ukali, na kiongozi wa klabu, ambaye ni Mkristo, ndiye siku hizi anayetukumbusha kwamba wakati wa swala umekaribia. Tungenyamaza, yeye angejuaje?

Nimebakiza jambo lililonitaabisha kuliko yote, na sina jibu lake kamili. Chini ya ile nyumba ya mzee wako vijana wanaochota mchanga na kuvunja mawe mtoni. Kuchimba huko kunauongezea mto nguvu ya kula kingo, na klabu ilituma watu wakawaombe waache. Nilikuwa mmoja wao. Tulizungumza vizuri, kisomi. Kijana mmoja, nadhani tunalingana umri, alisikiliza mpaka mwisho, akaegemea sepeto yake, akasema:

"Nyinyi ndugu zangu munarudi na karatasi. Mimi narudi na unga. Sasa nani aache?"

Hatukuwa na jibu. Njiani tulirudi kimya. Kwa jumla ya Jumamosi zetu zote, sikuwahi kujiuliza kwamba kujitolea ni kitu anachokiweza mtu ambaye chakula chake cha jioni kina uhakika. Na nikakumbuka jambo jingine: mtaro tuliouzibua bure mwezi uliopita, kabla yetu kulikuwa na vibarua waliokuwa wakilipwa na wenye maduka ili wauzibue. Tulipiga picha tukitabasamu mahali ambapo mtu alipoteza ujira wake.

Tulirudi kwake baadaye, safari hii bila hotuba. Tulimuuliza mto unapiga wapi kwanza maji yakijaa. Alicheka, akatuonyesha kwamba sehemu kubwa ya mianzi yetu tumeipanda mahali ambapo maji hayapigi, na kona yenyewe tumeiacha wazi. Yeye anaujua mto kwa kuwa anasimama ndani yake kila siku. Tukahamisha. Klabu ilikubali kwamba kazi ya kupanga mawe kwenye kona ile, ikipatikana fedha, watapewa wao kwa malipo, na sisi tusiifanye bure. Fedha bado haijapatikana. Yeye bado anachota mchanga, ingawa amehamia mbali kidogo na nyumba ya mzee. Siwezi kuwaambia kwamba tatizo limekwisha. Naweza kusema tu kwamba tulianza kuwa na faida siku tulipoacha kudhani kwamba sisi ndio tunaotoa na wengine ndio wanaopokea.

Ushauri wangu basi, kwa ndugu na dada wanaosita mlangoni mwa klabu kama hii: ingieni. Msisubiri nia iwe kama maziwa. Chukueni na hiyo karatasi, si haramu, na mimi nimeiambatanisha kwenye maombi yangu ya kazi bila aibu. Lakini jiwekeeni mambo matatu. La kwanza, katika kila kazi tano, moja iwe ile ambayo haina daftari wala picha. La pili, msimsaidie mtu kwa namna ambayo ninyi wenyewe msingependa mama zenu wasaidiwe. La tatu, kabla ya kufanya kazi bure, ulizeni ni nani aliyekuwa akila kwa kazi hiyo.

Rafiki yangu hajarudi. Bado tunabishana, na bado ni rafiki yangu. Juzi aliniuliza, kama mtu asiyetaka kitu, kama kiangazi hiki kuna mtu wa kumwagilia miche ile ya kona. Nikamwambia yupo mmoja tu, na daftari limefungwa. Hakujibu, akaniomba tu nimwelekeze ndoo zinawekwa wapi.

Allah atutakasie nia zetu, atukubalie yale madogo tuliyoyafanya kwa mioyo iliyochanganyika, na azilinde nyumba za jirani zetu msimu wa mvua utakapofika. Aamin.

Wabillahi tawfiq.